Masharti kabla ya msingi: mtaa wa pembezoni mwa Mbeya ulipoletewa mradi wa nyumba za kipato cha kati

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wenyeviti wa mitaa, watendaji, madiwani na kamati za wananchi ambao siku yoyote wanaweza kuletewa mchoro na kuulizwa kama wanaunga mkono. Nilikuwa mshauri wa kamati ya wananchi, kwa hiyo mengi niliyaona na mengine niliyasoma kwenye mihtasari. Majina, idadi kadhaa na alama za mahali nimezibadilisha ili mtaa na wahusika wasitambulike. Mwendelezaji, yaani mwenye mradi wa kujenga, naye simtaji.

Usuli

Mtaa wenyewe uko kwenye mteremko, pembezoni mwa Jiji la Mbeya. Juu kuna wenyeji wa siku nyingi, wengi wao Wasafwa, ambao mashamba yao yaligeuka viwanja kadiri mji ulivyopanda. Katikati kuna waliojenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, boma mwaka wa tatu, kupaua hela ikipatikana. Wako walimu wastaafu, wafanyabiashara wa masoko ya Soweto na SIDO, mafundi, na familia kadhaa za Kinyakyusa zilizohamia kutoka Rungwe na Kyela. Chini kabisa, karibu na kijito, ndiko vyumba vya kupanga vilipo vingi.

Kati ya mtaa na kijito palikuwa na eneo la halmashauri la ekari zipatazo 25. Kwenye mchoro wa zamani lilitengwa kwa makazi ya baadaye, lakini kwa miaka mingi akina mama na wazee walikuwa wakililima: mahindi, maharage, viazi mviringo, na pembeni migomba na miparachichi michache. Hakuna aliyekuwa na karatasi, ila kila mmoja alijua tuta lake linaishia wapi, na hata mgeni akihamia alionyeshwa.

Mwishoni mwa 2019, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba, mwenyekiti mpya aliarifiwa kwamba mwendelezaji angejenga hapo nyumba zipatazo 120 za watu wa kipato cha kati. Wanunuzi waliotajwa ni walimu, manesi, askari, watumishi wa halmashauri na wafanyabiashara wadogo. Nyingine zingekuwa za chini, nyingine ghorofa tatu. Nyumba ya vyumba vitatu ilitajwa kwa shilingi milioni 50.

Hitaji lilikuwepo. Mbeya ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005, na watu wameendelea kuja kwa sababu ya vyuo, hospitali ya rufaa, barabara kuu ya kwenda Tunduma na biashara ya mazao. Mtumishi anayehamishiwa Mbeya hupata chumba kwa urahisi. Nyumba nzima yenye maji na choo cha ndani, kwa bei inayolingana na mshahara wake, ni kazi kuipata.

Mkutano wa kwanza, Januari 2020

Mkutano uliitwa katikati ya mvua, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Ofisa aliyekuja na mchoro aliubandika ukutani mwa ofisi ya mtaa, akaeleza kwa dakika ishirini hivi, kisha akauliza kama wananchi wanauunga mkono mradi.

Swali lile ndilo lililovuruga kikao. Lilimtaka mtu aseme ndiyo au hapana kwa jambo lenye sura kumi. Mzee mmoja alisimama na kusema mradi ni maendeleo na asiyeutaka ahame. Mama mmoja, ambaye hapa nitamwita Mama Sekela, akamjibu: "Shikamoo mzee wangu. Mimi maendeleo siyakatai, ila hayo mahindi uliyoyapita ukija hapa ndiyo ada ya mwanangu." Baada ya hapo kila aliyesimama aliongea la kwake. Mmoja akataja ghorofa zitakazochungulia uani kwa watu, mwingine mgao wa maji, mwingine darasa la watoto zaidi ya mia. Kijana wa bodaboda akauliza kama vijana wa mtaa watapata vibarua. Mtu wa bondeni akasema maji ya mvua yanayotoka juu tayari yanaingia kwake, sasa yakiongezewa mabati ya nyumba 120 itakuwaje?

Mikono ilipopigwa hesabu, waliokataa waliwazidi waliokubali kidogo. Ofisa akaandika "wananchi wamegawanyika", akakunja mchoro.

Naomba msomaji azingatie hapo. Ukiusoma muhtasari wa siku ile utadhani mtaa ulikuwa na watu wanaopenda maendeleo na wengine wanaoyapinga. Niliwasikiliza wote, na sikumsikia hata mmoja aliyesema hataki walimu na manesi waje kuwa majirani zake. Karibu kila pingamizi lilikuwa na jibu la kiufundi au la kifedha, na aliyekuwa na uwezo wa kulitoa hakuulizwa.

Kamati, na siku ya kupima

Mwenyekiti alifanya jambo la busara. Hakukimbilia kuitisha kura nyingine. Aliomba mkutano uchague kamati ya watu tisa, akasisitiza wawemo waliokataa na waliokubali, wakiwemo Mama Sekela na mtu wa bondeni. Mtendaji wa mtaa akawa katibu. Walipewa mwezi mmoja.

Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kutembea eneo lote wakiwa na nakala ya mchoro. Walianzia kwa mtu wa bondeni. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa na mstari wa tope, sawasawa kama uliochorwa kwa rula, kiganja kimoja chini ya dirisha. Juu ya mstari rangi ilikuwa ya krimu, chini yake kahawia. Hakupaka tena kwa sababu, alisema, akipaka hakuna atakayemwamini. Mhandisi wa halmashauri aliyeombwa kuja naye aliuangalia ule mstari, akapanda na mkondo wa maji hadi barabarani, akakuta kalavati moja jembamba lililojaa mchanga na chupa za plastiki. Maji yote ya mteremko yalitegemea kalavati lile.

Kisha wakashuka kijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mjumbe mmoja, kijana fundi ujenzi, alikuwa na futi ya kupimia, yenye urefu wa mita 50. Wakaikaza kutoka ukingoni, wakaweka kigingi, wakaongeza mita kumi. Futi ikaishia katikati ya safu ya mwisho ya nyumba kwenye mchoro. Bikoni mbili za mpima, yaani alama za mipaka ya viwanja, zilikuwa tayari zimesimikwa ndani ya eneo lililokatazwa. Hapakuwa na haja ya mtu kupaza sauti. Mhandisi alipiga picha, akaandika kwenye daftari lake, na wiki iliyofuata mchoro ulirudishwa ofisi ya mipango miji kwa marekebisho.

Maamuzi na sababu zake

Mkutano wa pili ulifanyika mwanzoni mwa Machi 2020. Safari hii kamati ilileta karatasi moja yenye masharti, na wananchi wakaulizwa kama wanaunga mkono mradi kwa masharti hayo. Wengi mno walikubali. Nitaeleza sababu za kila sharti, maana bila sababu hizo mtaa mwingine ukinakili masharti haya utakuwa umenakili karatasi tu.

Sharti la kwanza lilikuwa mtaro na kalavati jipya kujengwa kabla ya msingi wa nyumba ya kwanza kuchimbwa. Kamati ilipendekeza hivyo kwa kuwa wajumbe walijua mkandarasi akishapaua huwa ameshalipwa sehemu kubwa, na mtaro ukiachwa mwisho hugeuka "awamu ya pili". Wakati mtaa una sauti ni kabla ya kibali cha ujenzi. Mkutano wa mtaa hauna mamlaka ya kutoa kibali wala kukinyima, kazi hiyo ni ya halmashauri kupitia kamati yake ya mipango miji. Lakini muhtasari wa mtaa hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na diwani hulibeba suala hadi kwenye baraza la madiwani. Kamati iliomba masharti yaandikwe kama masharti ya kibali chenyewe, yasibaki ahadi ya mdomo.

Sharti la pili lilihusu wakulima. Ardhi ilikuwa ya halmashauri, kwa hiyo hawakuwa na madai ya ardhi, ila mazao yao ni mali yao. Palikuwa na mvutano: baadhi walitaka fidia ya mahindi papo hapo. Mama Sekela akawashawishi kwamba mahindi yaachwe yavunwe Julai, yathaminiwe tu miparachichi na migomba, ambayo mtu hawezi kuing'oa na kuondoka nayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: gunia la mahindi ndani ya nyumba lina uhakika kuliko jina kwenye orodha ya malipo. Mwendelezaji naye alinufaika, kwa sababu hakuwa tayari kuanza kabla ya kiangazi.

Sharti la tatu lilihusu maji. Mamlaka ya maji ilitakiwa ioneshe kwa maandishi chanzo cha nyumba mpya kitakuwa kipi, na mwendelezaji ajenge tangi lake badala ya kuunganisha kwenye bomba la mtaa ambalo tayari lilikuwa la mgao. Sharti la nne lilikuwa madarasa mawili katika shule ya msingi ya jirani. Na la tano, kuhusu ghorofa, lilipata suluhu mezani: ghorofa zihamie upande wa barabara kuu, nyumba za chini ziwe upande unaopakana na nyua za wenyeji.

Kwenye bei, kamati iliandika sentensi moja tu: "Nyumba ziwe za bei ambayo mtumishi wa kawaida anaimudu." Sentensi hiyo nitairudia kwenye uchambuzi.

Kilichofuata

Mahindi yalivunwa. Mthamini alihesabu miti. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na kanuni za fidia za 2001 zinatambua riba kwa ucheleweshaji. Malipo yalikuja baada ya miezi sita kupita, bila riba. Hakuna mkulima aliyeandika barua ya kuidai, na mimi naamini wangeiandika kama mtu angewaeleza kwamba haki hiyo ipo.

Mtaro na kalavati vilijengwa kiangazi cha 2021. Mkandarasi alijaribu kuanza kuchimba misingi sambamba na mtaro, akisema mitambo inamgharimu ikikaa bure. Mtendaji alimpelekea nakala ya kibali chenye masharti na kumwomba asome ukurasa wa pili. Misingi ilisubiri wiki kadhaa. Safu ya nyumba zilizokuwa ndani ya mita 60 ilifutwa, na nyumba zikabaki 108. Madarasa yalijengwa, ingawa moja lilikaa muda mrefu bila madawati.

Nyumba zilikamilika mwishoni mwa 2023. Msimu ule ule ukaja na mvua kubwa za El Niño, zile ambazo Aprili 2024 zilishusha tope la Mlima Kawetere likafunika nyumba na shule kule Itezi. Mtaani kwetu mtaro ulijaa hadi mdomoni siku mbili, lakini haukumwaga. Mtu wa bondeni alipaka ukuta wake rangi Juni.

Upande wa wanunuzi hali haikuwa hivyo. Kati ya 2021 na 2022 nondo, saruji na mabati vilipanda bei, na nyumba iliyotajwa milioni 50 ikatangazwa kwa milioni 68. Wengi walionunua mapema walikuwa na fedha taslimu: wafanyabiashara wa mpakani Tunduma, wenye mashamba makubwa ya mpunga Mbarali, na watu wa Mbeya waishio Dar es Salaam waliotaka nyumba ya kupangisha. Walimu na manesi ninaowafahamu waliohamia pale wengi wao ni wapangaji wa hao wenye nyumba.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kubadilisha swali kulibadilisha mkutano. Watu walewale, katika eneo lilelile, kwa mradi uleule, walikataa Januari na kukubali Machi. Hawakuwa wameelimishwa, neno ambalo maofisa hulipenda. Walikuwa wamepewa nafasi ya kusema wanachohitaji ili wakubali. Kwa mtu ambaye tope limeingia chumbani kwake, kukataa mradi usio na mtaro ni akili timamu.

Kupima kwa futi kulikuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote. Mita 60 ni sheria ya nchi. Haikuhitaji kura, wala haikumpa mtu yeyote sababu ya kumwona mwenzake mpinga maendeleo. Nashauri kila kamati ianze na mambo ambayo sheria imeshayaamua, kisha ibakize nguvu yake kwa yale ya kujadiliana.

Kuwaweka kwenye kamati wale wenye hasara pia kulilipa. Mama Sekela ndiye aliyeleta wazo la kungoja mavuno. Mtaalamu aliyetoka mjini asingelifikiria, kwa sababu kwake Julai ni mwezi wa baridi tu.

Zaidi ya yote, masharti yalifungwa kwenye hatua ya kazi. "Kabla ya msingi" ni maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuyahakiki akipita njiani. Yalinganishe na sharti la maji, ambalo lilisema tu mamlaka ya maji ioneshe chanzo. Barua ilikuja, ikataja vyanzo vilivyopo na kusema hali itakuwa nzuri zaidi baadaye mradi mkubwa wa maji ukitekelezwa. Kwa maandishi sharti lilitimia. Tangi la mwendelezaji lilijengwa, lakini hujazwa na bomba lilelile la mtaa, na siku za mgao mtaa wa juu bado hununua madumu. Kama lingeandikwa kwamba nyumba zisikabidhiwe kabla tangi halijawa na bomba lake kutoka kwenye laini kuu, leo tungekuwa na la kushika.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Mradi ulipewa uhalali kwa jina la watu wa kipato cha kati, na hao hawakuwa mkutanoni. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, awe na nyumba au amepanga chumba. Lakini mpangaji huona mambo ya mtaa kuwa ya wenye nyumba, na wenye nyumba nao humwona hivyo. Mikutano yote miwili ilifanyika siku za kazi asubuhi, mwalimu akiwa darasani na nesi akiwa zamu. Kati ya wajumbe tisa wa kamati hakuwemo mpangaji hata mmoja. Ndiyo maana mtaro ulipata sentensi tatu zenye tarehe na vipimo, na bei ikapata sentensi moja isiyo na tarakimu.

Tuifanyie hesabu sentensi hiyo. Nyumba ya milioni 50, kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 15, inadai marejesho ya takribani shilingi 700,000 kila mwezi. Sichagui riba ya kutisha: mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikitolewa zaidi kati ya asilimia 13 na 19. Sasa mchukue mtumishi mwenye mshahara wa milioni 1.5. Pensheni inachukua asilimia 5, yaani 75,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 45,000. Kodi ya mapato inachukua takribani 255,000. Ukijumlisha na rejesho la nyumba unafika 1,075,000, wakati utaratibu unataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi, hivyo makato yote yasizidi milioni moja. Hapiti. Kama bado analipa mkopo wa elimu ya juu, ambao hukatwa asilimia 15 ya mshahara, ndiyo kabisa. Na hiyo ni bei ya milioni 50, kabla haijafika 68. Walimu wanaoanza kazi hawafiki mshahara niliotumia.

Hesabu hii ingechukua robo saa kwenye mkutano wa kwanza. Ingeonyesha mapema kwamba kuuza kwa mkopo wa benki peke yake hakuwezi kumfikia aliyetajwa kwenye mradi, na mazungumzo yangehamia kwenye njia zinazojulikana: sehemu ya nyumba kutolewa kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, ambapo kodi ya kila mwezi inahesabika kwenye bei, nyumba ndogo za chumba kimoja na viwili, au nyumba iliyopauliwa na kuwekewa milango, mnunuzi amalizie mwenyewe, kama watu wa Mbeya walivyozoea kujenga siku zote. Kuna pia suala la mtu mmoja kununua nyumba kadhaa. Eneo lilikuwa la umma, kwa hiyo halmashauri ilikuwa na haki kabisa ya kuweka sharti kwamba kwa miezi ya mwanzo nyumba ziuzwe kwa wasio na nyumba mjini, moja kwa kila familia. Hakuna aliyeliomba.

Wapo wanaoniambia kwamba hata mpangaji amefaidika, kwa sababu nyumba 108 zimeongezeka sokoni. Ni kweli kwa kiasi. Nesi mmoja anayepanga pale ananiambia anapata maji ndani na analala bila hofu ya mvua, jambo ambalo hakuwa nalo kule bondeni. Lakini ardhi ya umma, na mashamba ya akina mama waliokubali kuondoka, havikutolewa ili mtu mwenye nyumba tatu apate ya nne. Mama Sekela alipoacha tuta lake aliambiwa ni kwa ajili ya walimu wa wanawe, na alilisema hilo mbele ya mkutano.

Hali ilivyo sasa

Kamati haikuvunjwa. Sehemu ya juu ya eneo, ekari saba hivi, bado haijajengwa, na mwendelezaji ameonyesha nia ya awamu nyingine. Safari hii kamati ina wapangaji watatu, mmoja wao mwalimu, na mikutano imehamishiwa Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada. Rasimu ya masharti waliyonionyesha inaanza na bei: theluthi moja ya nyumba ziwe za mpangaji mnunuzi, kodi ya mwezi itajwe kwa tarakimu, familia moja nyumba moja, na jedwali la makato ya mshahara liambatishwe. Bomba la tangi limewekwa ukurasa huohuo, kwa maneno "kabla ya kukabidhi funguo". Barua imeshapokelewa ofisi ya kata na kugongwa muhuri. Majibu hayajaja.